Maua ya Kahawa Hayapelekwi Mnadani

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, miezi ya Julai na Agosti ina shughuli mbili. Ya kwanza ni ya tangu zamani, nayo ni kuchuma kahawa. Ya pili ni ngeni, nayo imeingia kwa mlango wa simu ya mkononi. Ni kuchagua timu ya fantasi. Wako vijana wanaozifanya zote mbili kwa siku moja. Asubuhi wako shambani na ndoo, wakitenga tunda jekundu na bichi. Jioni, kahawa ikishafikishwa kwenye chama cha msingi, wameketi barazani na wenzao wakibishana kama mshambuliaji fulani wa Liverpool anastahili bei yake. Na tangu lami ilipoteremka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, ubishi huo hushuka mlima kwa gari moja na magunia, ukapokelewa ufukweni mwa Ziwa Nyasa na watu wanaosubiri usiku uingie wakavue usipa.

Hakuna ubaya katika ubishi huo. Mtu aliyefanya kazi kutwa ana haki ya kupumzisha akili yake, na kandanda ni pumziko la wengi. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao kila mwaka huzuka majira haya, na dalili zake ni hizi: mtu ameona, au amesimuliwa tu, kwamba mchezaji fulani amefunga mabao mawili, matatu au manne katika mechi ya kujipima nguvu, na kuanzia hapo haambiliki. Amekwisha kumpa unahodha. Amekwisha kutangaza bingwa. Pengine amekwisha kuweka na fedha. Ligi yenyewe haijapigwa hata filimbi moja.

Juu ya ugonjwa huo, ndugu msomaji, ndipo tutakapozungumza leo.

MCHEZO WENYEWE

Nyumba nyingi zina wasioucheza mchezo huu, nao ndio wanaoshangaa kwa nini mtu amenuna mezani eti kipa wa London amefungwa bao dakika ya tisini. Tuanze basi kwa kuwaeleza wao.

Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza ni mchezo wa bure unaochezwa kwa simu au kompyuta, nao ulianza katika msimu wa 2002/03. Kila anayejiunga hupewa pauni milioni 100 za kubuni, ambazo hazinunui hata chumvi, naye huzitumia kusajili wachezaji 15 wa kweli: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kisha wachezaji hao wanapocheza kule uwanjani kwao, matendo yao hugeuzwa pointi. Mshambuliaji akifunga bao huleta pointi 4, kiungo huleta 5, beki huleta 6. Pasi ya bao ni pointi 3. Beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa huongezewa 4, mradi awe amecheza dakika 60. Aliyeteuliwa nahodha, pointi zake huzidishwa mara mbili. Kila wiki unaruhusiwa kubadili mchezaji bila adhabu; ukizidisha kiasi ulichoruhusiwa, kila badiliko la ziada hukugharimu pointi 4.

Dunia nzima imeingia katika mchezo huu. Msimu wa 2023/24 walioandikisha timu walipita milioni 10. Kwetu Tanzania, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, hutaikosa katika ofisi, vyuo wala vijiwe vya bodaboda. Watu huunda ligi zao ndogo ndogo: walimu wa shule moja, wauguzi wa zamu moja, ukoo mmoja uliotawanyika kati ya Mbinga, Songea na Dar es Salaam. Fedha haimo katika mchezo wenyewe. Fedha huletwa na sisi wenyewe, tunapochangishana mwanzo wa msimu ili mshindi achukue chungu chote, au tunapotoka kwenye fantasi tukaingia kwenye kubeti, ambako karatasi ya ubashiri watu wameipa jina la mkeka.

Sasa tatizo liko hapa. Mchezo hufunguliwa kwa kawaida mwezi Julai, na ligi huanza Agosti. Katika wiki hizo chache mchaguzi hana cha kutazama isipokuwa mechi za kujipima nguvu. Mwenye njaa hula kilichopo. Hivyo mechi ambayo kocha ameipanga ili wachezaji wake watoe jasho la likizo, hugeuzwa kuwa ushahidi wa mahakamani.

JULAI YA MWAKA 2022

Ushahidi wa namna hiyo huweza kumpotosha mtu mwenye akili zake timamu. Katika majira yale ya mwaka 2022, washambuliaji wawili wapya walihamia Uingereza kwa kelele nyingi. Manchester City ilimsajili Erling Haaland wa Norway. Liverpool ilimsajili Darwin Núñez wa Uruguay. Katika fantasi Haaland aliwekewa bei ya pauni milioni 11.5, na Núñez milioni 9. Swali likawa moja tu kila kijiweni: nani kati ya hao wawili?

Tarehe 21 Julai Liverpool ilikwenda Ujerumani kujipima nguvu na RB Leipzig. Núñez aliingia kipindi cha pili, na kabla mechi haijaisha alikuwa amefunga mabao manne. Liverpool ilishinda 5-0. Siku tisa baadaye, tarehe 30 Julai, timu hizo mbili za Uingereza zilikutana katika Ngao ya Jamii. Liverpool ilishinda 3-1 na Núñez akafunga tena. Haaland kwa upande wake alikosa bao la wazi mwishoni mwa mchezo, lango likiwa tupu mbele yake, mpira ukagonga mwamba. Picha ile ilizunguka dunia nzima katika simu, na watu wakacheka wakasema huyu kaletwa kwa bei gani.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 7 Agosti Haaland alianza ligi ugenini kwa West Ham akafunga mabao mawili. Alipomaliza msimu alikuwa na mabao 36, idadi ambayo Ligi Kuu hiyo ilikuwa haijapata kuiona; rekodi ya awali ya mabao 34 ilikuwa ya Andy Cole na Alan Shearer, nao waliiweka zama ambazo kila timu ilicheza mechi 42 badala ya 38. Núñez alifunga katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Fulham, na waliomsajili wakazidi kujipongeza. Lakini tarehe 15 Agosti, katika mechi yake ya pili, alimpiga kichwa beki wa Crystal Palace, akatolewa kwa kadi nyekundu na kufungiwa mechi tatu. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao tisa ya ligi.

Tusimkosee heshima kijana wa Uruguay. Mabao tisa si aibu, na mabao yake manne ya Leipzig yalikuwa mabao ya kweli. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa la macho yaliyotazama nusu ya mechi ya mazoezi yakaona msimu mzima, na yakatazama mpira mmoja uliogonga mwamba yakaona mchezaji asiyefaa.

TIMU NAZO HUDANGANYA

Kama mchezaji mmoja huweza kutudanganya, timu nzima nayo huweza. Mwaka 2014 Manchester United ilikuwa na kocha mpya, Louis van Gaal, naye aliipeleka Marekani. Huko iliifunga LA Galaxy 7-0. Iliifunga Real Madrid 3-1 katika mji wa Ann Arbor, mbele ya watazamaji 109,318. Kisha ikaifunga Liverpool 3-1 na kurudi nyumbani na kombe la ziara. Washabiki wake, na katika nchi yetu hawahesabiki, walikwisha kuona ubingwa. Tarehe 16 Agosti ligi ilianza, na United ikafungwa 2-1 na Swansea katika uwanja wake yenyewe wa Old Trafford. Siku kumi baadaye ikafungwa 4-0 na MK Dons, timu ya daraja la tatu, katika Kombe la Ligi. Mwisho wa msimu ilishika nafasi ya nne.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Nyumbani kwetu tuna Simba Day, iliyoanzishwa mwaka 2009, na tuna Wiki ya Mwananchi ya Yanga. Hizo ni sherehe nzuri za kutambulisha vikosi, lakini sherehe si ligi. Hata Ngao ya Jamii, ambayo ina kombe na ushindani wa kweli, si mtabiri wa kutegemewa. Tarehe 13 Agosti 2023, Simba na Yanga zilikutana katika fainali ya Ngao hiyo huko Mkwakwani, Tanga. Dakika 90 zilikwisha bila bao, na Simba ikashinda 3-1 kwa mikwaju ya penalti, kipa wake Ally Salim akawa shujaa wa siku. Waliosema siku ile kwamba ufalme umerudi Msimbazi walikuwa wengi. Tarehe 5 Novemba mwaka huo huo timu hizo zilikutana katika ligi, na Yanga ikashinda 5-1. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Robertinho. Ubingwa wa msimu ule ulikwenda Jangwani. Azam ikawa ya pili, na Simba ya tatu.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Nao pia ndio waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hizi mbili hazigombani. Anayezitumia ndiye anayepaswa kujua kama aliyoiona ni asubuhi, au ni sakafu tu.

KWA NINI HUDANGANYA

Mvuvi wa Mbamba Bay akirudi alfajiri na mtumbwi uliojaa usipa, wenzake hawakimbilii kusema ziwa limefunguka. Huuliza kwanza: mwezi ulikuwaje? Wanajua kwamba usipa huvutwa na taa, na kwamba taa hushinda usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hiyo hiyo na nyavu hizo hizo huleta kidogo. Kwao idadi ya samaki bila habari ya mwezi ni habari nusu. Nasi tungejifunza kuuliza namna hiyo juu ya mabao ya Julai.

Tuulize kwanza, amefungwa nani? Timu kubwa hujipima na timu za kila namna: za daraja la chini, za nchi nyingine ambazo ziko katikati au mwisho wa msimu wao, au timu kubwa nyingine ambayo imewaacha nyota wake likizo. Baada ya Kombe la Dunia au michuano ya mabara, wachezaji mashuhuri huchelewa kurudi kazini, na nafasi zao hujazwa na vijana wa akiba ambao msimu ukianza hutawaona tena.

Tuulize pili, amefunga wakati gani? Katika mechi hizi kocha huweza kubadili kikosi kizima wakati wa mapumziko. Mshambuliaji mwenye pumzi mpya huweza kukutana na mabeki waliochoka, au na watoto waliopandishwa jana. Mabao ya namna hiyo huhesabika katika ubao wa uwanja, lakini uzito wake haulingani na wa bao la Februari, uwanja ukiwa na tope na kila pointi ikigombewa.

Tuulize tatu, kocha alitaka nini? Katika ligi anataka ushindi. Katika mechi ya kujipima nguvu huenda anataka mchezaji fulani akimbie dakika 45 tu, au anataka kuona kama kiungo wake anaweza kucheza beki, au amewafanyisha wachezaji mazoezi mazito asubuhi ya siku ile ile, na miguu yao ni mizito kama ya mpagazi. Akifungwa hajali sana. Sisi ndio tunaojali.

Tuulize nne, safari ile ni ya nini? Klabu kubwa huvuka bahari kwenda Marekani na Asia kwa sababu huko kuna viwanja vikubwa na watu walio tayari kulipa. Wale watazamaji 109,318 wa Ann Arbor hawakuingia bure. Ziara ni maandalizi, lakini pia ni biashara, na mchezaji aliyetoka kwenye ndege ya saa nyingi akacheza katika joto la kiangazi hajaonyesha bado uwezo wake wala udhaifu wake.

Na juu ya yote kuna hesabu. Mechi za kujipima nguvu huwa tano au sita. Ligi ni mechi 38. Anayehukumu 38 kwa tano ni sawa na anayeonja maji ya Mto Ruhuhu pale Lituhi, unapoingia ziwani, akasema amekwisha kulijua Ziwa Nyasa lote.

BABA MDOGO NA MWANAWE

Hebu tuwaze mazungumzo ambayo yangeweza kusikika katika kijiji chochote cha Umatengo mwanzoni mwa Agosti ile ya 2022. Kijana wa bodaboda amekwenda kwa baba yake mdogo, ambaye ameanza kupokea malipo ya kahawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo pikipiki haina abiria?"

"Abiria wapo, baba mdogo, ila nimekuja na ombi. Naomba uniazime shilingi laki moja katika fedha ya kahawa. Ligi ya Uingereza ikianza tu nitakurudishia, tena na nyongeza."

"Ligi ya Uingereza inakulipa wewe?"

"Yupo mshambuliaji mpya, baba mdogo. Amefunga mabao manne katika kipindi kimoja. Huyu mwaka huu hakuna wa kumzuia. Nikimwekea fedha sasa, kabla watu hawajamshtukia, nimepata."

"Mabao hayo manne yameandikwa katika msimamo wa ligi?"

"Hapana. Ilikuwa mechi ya kujipima nguvu."

Mzee akanyamaza kidogo, akazoazoa punje za buni zilizomwagika kwenye mkeka wa kuanikia. "Unakumbuka mibuni yangu ya kule juu ilivyokuwa mvua za kwanza ziliponyesha?"

"Ilikuwa myeupe yote. Harufu yake ilifika mpaka barabarani."

"Alikuja mtu kununua maua yale?"

"Maua hayanunuliwi, baba mdogo."

"Kwa nini, na yalikuwa mazuri?"

Kijana akacheka. "Kwa sababu bado hayajawa kahawa."

"Hayajawa. Baada ya maua ikaja chulebuni, tunda likaoza lingali bichi. Ndoo tulizochuma umezibeba mwenyewe kwa pikipiki, unazijua idadi. Maua hayapelekwi mnadani, mwanangu."

"Lakini baba mdogo, bila maua hakuna kahawa."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana sikuikata mibuni ilipochanua, wala sikukopa kwa ajili ya uzuri wake. Niliendelea kupalilia nikasubiri. Nawe subiri. Fedha hii ina mbolea ndani yake, ina dawa ya chulebuni, na ina sare za wadogo zako shule zitakapofunguliwa Januari."

KINACHOWEZA KUSOMEKA

Neno la kijana, kwamba bila maua hakuna kahawa, lisipuuzwe. Mechi za kujipima nguvu si bure kabisa. Zina habari ndani yake, ila si ile tunayoikimbilia.

Msafiri anayepita Umatengo wakati wa kuandaa mashamba huona ngoro zimepangwa mlimani kama mizinga ya nyuki: majani yamelazwa miraba miraba, udongo umefunikwa juu yake, na katikati limeachwa shimo la kupokea maji ya mvua yasiporomoshe ardhi. Msafiri huyo hawezi kusema shamba lile litatoa magunia mangapi. Lakini anajua mambo matatu bila kuuliza: nani amelima na nani hajalima, shamba limeanzia wapi na kuishia wapi, na limeandaliwa kwa uangalifu au kwa kulipua. Hayo ndiyo mechi za Julai huweza kutuonyesha.

Kwanza huonyesha nani yuko mzima. Mchezaji aliyeumia msimu uliopita, je, amerudi, na anacheza dakika ngapi? Kama mechi ya kwanza alicheza dakika 30, ya pili 45, na ya mwisho kabla ya ligi akafika 75, hiyo ni habari yenye uzito kuliko bao. Katika fantasi mchezaji asiyefika dakika 60 hupata pointi moja ya kuingia uwanjani badala ya mbili, na aliyekaa benchi hapati kitu.

Pili huonyesha nani anachezeshwa wapi. Msimu wa 2019/20 Sheffield United ilikuwa imepanda daraja, na katika fantasi mchezaji wake John Lundstram aliandikwa kuwa beki mwenye bei ya pauni milioni 4 tu, ambayo ni bei ya chini kabisa. Lakini kocha alimchezesha kiungo. Beki katika karatasi, kiungo uwanjani. Akifunga bao analeta pointi za beki, na timu isipofungwa analeta tena za beki. Alifunga mabao matano ya ligi, timu yake ikamaliza ya tisa, na walioangalia nafasi yake badala ya jina lake wakavuna. Habari ya namna hiyo haimo katika idadi ya mabao. Imo katika miguu ya mchezaji: anasimama wapi mpira ukiwa mbali naye.

Tatu huonyesha nani amepewa kazi maalumu. Nani anapiga penalti? Nani anapiga kona na mipira ya adhabu? Kocha mpya huweza kuzigawa upya kazi hizo, na mabadiliko hayo mara nyingi huonekana kwanza katika mechi hizi. Hata hapo mtu awe na tahadhari, kwani mpigaji wa kawaida huenda bado yuko likizo.

Ukisha kuyajua hayo matatu, funga daftari. Mabao yaache kama yalivyo, furaha ya jioni moja. Chagua kikosi chako kwa kutazama miezi mingi ya mchezaji, si wiki mbili. Acha akiba kidogo katika zile pauni za kubuni. Na katika wiki za kwanza usiwe mwepesi wa kutupa na kuokota, maana kila mbadiliko wa pupa una adhabu yake ya pointi nne. Wahenga wanasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

FEDHA YA NYUMBANI

Nimeliacha hili hadi mwisho kwa sababu ndilo zito. Pointi zikipotea, hakuna anayelala na njaa. Mchezo wa fantasi ukichezwa bure, hasara yake kubwa ni kutaniwa kazini Jumatatu, na mtu mzima hajafa kwa kutaniwa. Lakini Agosti kwetu ni mwezi wa namna yake. Huku kahawa inalipwa, huku ligi inaanza. Fedha iliyosubiriwa mwaka mzima inaingia mkononi wiki zile zile ambazo matumaini ya kandanda yako juu kabisa na ushahidi wake uko chini kabisa. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kuweka fedha juu ya ubashiri.

Mfanyakazi wa mjini naye ana Agosti yake, hata kama hana shamba. Ana kodi ya nyumba, nauli, mchango wa harusi ya nduguye na dawa za mzazi aliye kijijini. Mkeka ukichanika, hauchaniki peke yake. Huchana na mfuko wa unga. Na aliyeukata mara nyingi hasemi. Mwenzake hugundua tu kwamba ile fedha iliyokuwa kabatini haipo, na kwamba mwenye kuichukua ana jibu refu lisiloeleweka juu ya mtu aliyekosa penalti.

Kwa hiyo nashauri mambo machache, na kila nyumba iyapime. Ligi ndogo ya kazini ikitaka mchango, uwe ule ambao mtu anaweza kuutaja mbele ya mwenzi wake bila kushusha sauti. Mchango huo utoke katika fedha ya soda, usitoke katika fedha ya mbolea. Watoto wakitaka kucheza fantasi bure, wafundishwe na waachwe wacheze, kwani ina hesabu nzuri ya kujumlisha, kugawa na kupanga matumizi ndani ya kiasi maalumu. Lakini wafundishwe pia tofauti ya kucheza na kubeti, maana mlango kati ya vyumba hivyo viwili hauna kitasa.

Na mwaka huu, mtu akikujia Julai akitweta kwamba fulani amefunga manne, mpongeze fulani, kisha muulize mpasha habari: dhidi ya nani, dakika ya ngapi, na nani alikuwa benchi? Akiweza kujibu, kaeni mzungumze, kwani huyo ametazama mpira. Akishindwa, mkaribishe kahawa. Ile iliyokwisha kuvunwa, ikakaangwa, ikatiwa kikombeni.